Ndege za bei chee ndani ya Ulaya: mwongozo kwa msafiri mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki

Maswali ninayotumiwa ni yale yale. "Nimeona Brussels hadi Milan kwa euro 19, ni kweli au ni matapeli?" "Begi langu la mgongoni litapita?" "Viza yangu ya Ufaransa inanifikisha London?" Mengine hutumwa mtu akiwa tayari yuko kwenye foleni ya getini, na hapo huwa hakuna la kumsaidia. Nimeona bora niyajibu yote mahali pamoja.

Hilo la kwanza: ni kweli. Soko la anga la Umoja wa Ulaya lilifunguliwa kikamilifu mwaka 1997, na tangu hapo shirika la nchi yoyote mwanachama linaweza kurusha ndege kati ya miji yoyote ndani ya umoja huo. Ndiyo maana Ryanair, kampuni ya Ireland, inapeleka Wataliano kutoka Bergamo hadi Palermo. Wengine utakaowakuta ni Wizz Air ya Hungaria, easyJet ya Uingereza, Vueling ya Hispania, Transavia ya Uholanzi na Ufaransa, na Eurowings ya Ujerumani. Bei ndogo unayoiona ni ya kiti na mkoba mmoja mdogo, basi. Kila kingine kinauzwa kivyake, na kila kosa lina gharama yake. Anayesoma masharti huipata ile bei. Asiyesoma ndiye anayeiziba hasara.

Tatizo ni kwamba miongozo mingi imeandikiwa mtu mwenye pasipoti ya Ulaya. Haigusi viza ya kuingia mara moja, wala dawati la ukaguzi wa hati, wala jina lenye ng'. Sisi hukwama hasa hapo, kwa hiyo hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Pasipoti, na viza au kibali cha ukaazi, viwe mkononi wakati wa kununua tiketi. Usitegemee kumbukumbu.
- Kadi inayolipa mtandaoni kwa fedha za kigeni. Kadi ya benki ya Visa au Mastercard inatosha. Walioko Kenya wanaweza kutumia kadi ya Visa ya mtandaoni inayotolewa ndani ya M-Pesa. Hakikisha haina kikomo kidogo cha matumizi ya siku.
- Barua pepe yako mwenyewe, unayoifungua. Si ya mtu wa stationery, si ya shemeji.
- Simu janja yenye programu ya shirika husika, pamoja na chaja.
- Futi kamba ya fundi cherehani. Sitanii, utaiona kazi yake.

Hatua ya 1: Soma viza yako kabla ya kusoma bei

Toa pasipoti, fungua ukurasa wenye stika ya viza ya Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao. Tafuta vitu vitatu: tarehe za mwanzo na mwisho, idadi ya siku unazoruhusiwa kukaa, na idadi ya kuingia. Hiyo ya mwisho imeandikwa 1, 2 au MULT. Wengi wanaitazama tarehe tu.

Ikiwa imeandikwa 1, una ruhusa ya kuingia eneo la Schengen mara moja. Ukishapita ndani unaweza kuzunguka nchi zote 29 kwa ndege, treni au basi: Hispania, Italia, Ugiriki, Uswisi, Norwe, Kroatia, hata Romania na Bulgaria, ambazo zilijiunga kikamilifu Januari 2025. Lakini ukitoka nje ya eneo hilo, hata kwa chakula cha mchana, viza imekwisha. Na mashirika ya bei chee yanapenda sana kuuza safari za kwenda nje ya eneo hilo: London, Dublin, Belgrade, Tirana, Istanbul. Tovuti haitakuonya. Itakuuzia tiketi ya kwenda na ya kurudi kwa furaha, na wewe ukwame huko ulikokwenda.

Uingereza inataka viza yake. Ireland iko kwenye Umoja wa Ulaya lakini haimo Schengen, nayo inataka viza yake. Kibali cha ukaazi cha Ujerumani au Uswidi kinakuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 katika kila siku 180, ila hakikufikishi London wala Dublin. Kuna wanafunzi wanaodhani kadi yao ya ukaazi inafungua Ulaya nzima, haifungui.

Hesabu ya siku 90 kati ya 180 ni ya eneo zima, si ya nchi moja moja. Tangu Oktoba 2025 nchi za Schengen zimeanza kuandikisha wageni wa muda mfupi kwa alama za vidole na picha badala ya mhuri, na siku zako zinahesabiwa na kompyuta. Usitegemee tena mhuri uliofifia.

Hatua ya 2: Jua uwanja ni upi hasa

Jina la mji kwenye tiketi si ahadi kwamba utashukia mjini. Mashirika haya hupenda viwanja vya pembeni kwa sababu ada zake ni ndogo na ndege hugeuza haraka. Tazama hii:

- "Paris Beauvais" iko karibu kilomita 85 kaskazini ya Paris.
- "Frankfurt Hahn" iko takriban kilomita 120 kutoka Frankfurt.
- "Stockholm Skavsta" ni kilomita 100 hivi kutoka Stockholm.
- "Munich West" ni mji wa Memmingen, zaidi ya kilomita 100 kutoka Munich.
- "Brussels South Charleroi" iko Charleroi, kama saa moja kwa basi kutoka stesheni ya Brussels-Midi.

Si kwamba viwanja hivi ni vibaya. Bergamo kwa anayekwenda Milan ni sawa kabisa, na Ciampino kwa Roma iko karibu kuliko hata uwanja mkuu wa Fiumicino. Kazi yako ni kutazama herufi tatu za uwanja: CRL (Charleroi) si BRU (uwanja mkuu wa Brussels), BVA (Beauvais) si CDG (Charles de Gaulle, Paris), STN (Stansted) si LHR (Heathrow, London). Kisha fungua ramani, weka nyumba utakayofikia, uone basi la mwisho linaondoka saa ngapi. Ndege ya kutua saa tano na nusu usiku Beauvais ni rahisi mpaka utakapoomba teksi.

Hili la Brussels nalisisitiza kwa walioko Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Brussels Airlines inatoka Entebbe, Kigali, Bujumbura na Kinshasa na kutua Zaventem, yaani BRU. Ryanair sehemu kubwa ya safari zake za Ubelgiji inazifanyia Charleroi, yaani CRL. Kutoka kimoja hadi kingine ni kuvuka mji mzima. Mtu anaona "Brussels" na "Brussels", anaacha saa mbili katikati, na ndege ya pili inaondoka yeye akiwa kwenye basi.

Hatua ya 3: Tafuta bei, kisha piga hesabu yote

Tumia Google Flights au Skyscanner kuona nani anakwenda wapi na siku ipi ni nafuu. Kama tarehe zako zinacheza, fungua kalenda ya mwezi mzima. Jumanne, Jumatano na Jumamosi mara nyingi huwa chini kuliko Ijumaa na Jumapili. Agosti, Pasaka na wiki ya Krismasi hakuna bei chee. Hapo linganisha na mashirika ya kawaida, kwa sababu tofauti inaweza kupotea kabisa.

Halafu chukua karatasi. Tuseme nauli ni euro 19 kwenda na euro 24 kurudi. Ongeza sanduku la kilo 20 kila upande, tuseme euro 35 mara mbili. Ongeza basi la uwanjani, euro 17 kwenda na 17 kurudi. Tiketi ya "euro 19" imefika euro 147. Bado inaweza kuwa nafuu, lakini sasa unajua unalinganisha nini na nini. Na kwa safari kama Paris–Brussels usijisumbue na ndege hata kama ni bure. Treni ya kasi inachukua chini ya saa moja na nusu, kutoka katikati ya mji hadi katikati ya mji, na mzigo wako haupimwi na mtu.

Saa ya ndege nayo ina maana yake. Ndege moja hufanya safari nyingi kwa siku, na ucheleweshaji wa asubuhi hulimbikizwa hadi usiku. Mimi huchukua ile ya alfajiri ikiwa nina jambo la kuwahi, hata kama usingizi unauma.

Hatua ya 4: Ukiunganisha na ndege ya kutoka nyumbani, acha nafasi kubwa

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Ukiwa na tiketi moja ya KLM kutoka Dar es Salaam hadi Oslo kupitia Amsterdam, ndege ya kwanza ikichelewa, shirika linakutafutia nyingine. Ukiwa na tiketi ya KLM hadi Amsterdam, kisha tiketi ya pekee ya shirika la bei chee kuendelea mbele, ndege ya kwanza ikichelewa hiyo ya pili imepotea. Hakuna wa kumlaumu. Kwa mashirika hayo mawili, wewe ni abiria wa safari mbili zisizojuana.

Sanduku nalo halihamishwi. Itabidi upite uhamiaji, ulichukue kwenye mkanda, utoke nje, ulipeleke kwenye kaunta ya shirika la pili, upite tena ukaguzi wa usalama. Maana yake ni kwamba lazima uwe na viza ya kuingia nchi hiyo, hata kama huendi kukaa hapo. Wenye pasipoti ya Kongo ya Kinshasa wakumbuke kuwa katika Schengen wanatakiwa viza ya kupitia uwanjani hata bila kutoka nje.

Kwa uwanja uleule, acha saa tano au sita. Kwa viwanja viwili tofauti, lala usiku mmoja. Chumba cha hosteli ni nafuu kuliko tiketi mpya ya siku hiyo hiyo.

Halafu uzito. Anayetoka nyumbani mara nyingi ana masanduku mawili ya kilo 23, yaliyojaa mchele wa Mbeya, vitenge na dagaa wa watu. Shirika la bei chee halijali kuwa ulipewa kilo 46 na ndege ya kwanza. Nunua uzito huo mapema, au mpe mwenyeji wako sanduku moja.

Hatua ya 5: Nunua kwa shirika lenyewe, na uandike jina kama mashine inavyolisoma

Bei ukishaiona, nenda kwenye tovuti ya shirika au programu yake ukanunulie hapo. Mawakala wa mtandaoni huweka barua pepe yao na kadi yao kwenye tiketi yako. Ndege ikibadilishwa muda, ujumbe unakwenda kwao. Pesa zikirudishwa, zinakwenda kwao. Na baadhi ya mashirika hukulazimisha kuthibitisha utambulisho wako kwanza ukiwa umenunua kwa wakala wasiyemtambua. Tofauti ya euro tatu haifai usumbufu huo.

Sasa jina. Fungua ukurasa wenye picha yako, tazama mistari miwili ya chini yenye alama nyingi za <. Utaona kitu kama hiki:

P<TZANGWANDU<<REHEMA<JUMA

TZA ni nchi. Kinachofuata hadi kwenye alama mbili << ni jina la ukoo: NGWANDU. Yanayofuata ni majina mengine: REHEMA JUMA. Andika hivyo hivyo. Ritifaa, yaani ile alama ya ('), ya Ng'wandu, Ng'ang'a au Nyong'o haimo humo, na mifumo ya mashirika nayo huwa haiipokei. Iache, andika herufi zikiwa zimeshikana. Kama unaitwa "bin" au "binti" fulani na neno hilo limo kwenye mstari huo, liandike. Kama halimo, liache.

Tunaishi na majina matatu na tunayapanga tutakavyo: kazini Rehema Juma, shuleni Juma Rehema, benki R. J. Ng'wandu. Ndege haina mchezo huo. Jina la baba kuwekwa penye jina la ukoo ni kosa ninaloliona kuliko yote, na kulibadilisha jina zima mara nyingi kunazidi bei ya tiketi yenyewe. Kosa la herufi moja mbili kwa kawaida hurekebishwa bure ukiwahi ndani ya siku ya kununua.

Wakati wa kulipa, soma kila ukurasa polepole. Utaulizwa kuhusu bima, kiti, kupanda kwanza, gari la kukodi, hoteli. Kitufe cha kukataa huwa kimefifia, na cha kukubali kinang'aa. Mwisho kabisa utaambiwa unaweza kulipa kwa fedha ya kadi yako, shilingi, badala ya euro. Kataa. Kiwango cha kubadilishia wanachotumia hapo kwa kawaida ni kibaya kuliko cha benki yako. Lipa kwa fedha ambayo nauli imetangazwa.

Hatua ya 6: Pima begi, usilikadirie

Ukinunua nauli ya chini, mkoba wa bure ni ule unaoingia chini ya kiti cha mbele yako. Wakati naandika haya, Ryanair, Wizz Air, Vueling na Transavia wanakubali sentimita 40 × 30 × 20. easyJet wako wakarimu kidogo, 45 × 36 × 20. Kwa hiyo ukitafuta begi moja la kukutosha kwa wote, nunua la 40 × 30 × 20 ufunge mjadala. Vipimo hubadilika, vithibitishe kwenye tovuti wiki ya safari.

Toa futi kamba sasa. Pima begi likiwa limejaa, si tupu. Pima na magurudumu, mpini, na ile mifuko ya pembeni inayotuna ukiweka chupa. Begi laini la mgongoni ni bora kuliko kisanduku kigumu, kwa sababu linabonyea.

Getini kuna kizimba cha chuma, wazi juu, chenye ukubwa wa mkoba unaoruhusiwa. Mhudumu akikunyooshea kidole, unaweka begi ndani mbele ya watu wote. Likizama lenyewe, umepita. Magurudumu yakibaki yamening'inia juu ya ukingo, hata kwa vidole viwili, unatoa kadi. Faini inaweza kupita euro 60, na hakuna kujadiliana. Usifikiri mhudumu amekuonea: Ryanair wenyewe wametangaza hadharani kwamba wafanyakazi hupata bonasi kwa kila begi lililozidi wanalolinasa, na Novemba 2025 waliipandisha hadi euro 2.50. Nimemwona kijana mmoja Bergamo akivaa makoti matatu na kujaza soksi mifukoni, jasho linamtiririka, ili begi lizame. Lilizama. Lakini angelala vizuri zaidi kama angenunua sanduku dogo la kilo 10 wakati wa kukata tiketi, ambapo bei huwa ya chini. Bei hiyo hupanda ukiongeza baadaye, hupanda tena uwanjani, na getini ndiyo ya juu kabisa.

Kilichomo ndani ya mkoba: kimiminika kisizidi mililita 100 kwa chupa, vyote kwenye mfuko mmoja angavu wa lita moja. Baadhi ya viwanja vyenye mashine mpya vimelegeza, lakini kile utakachorudia huenda hakijalegeza, kwa hiyo fuata kanuni ya zamani. Na kimiminika si maji tu. Asali ni kimiminika. Siagi ya karanga, achari ya embe, pilipili ya kusaga, samli: vyote vinachukuliwa. Chupa ya asali ya Tabora iliyosafiri kutoka nyumbani hadi Ulaya ikiwa salama kwenye sanduku inaweza kuishia kwenye pipa la taka la uwanja wa Luton, karibu na London, kwa sababu uliihamishia kwenye mkoba. Benki ya chaji ya simu (power bank) ni kinyume chake: ni lazima iwe mkononi, ni marufuku kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege.

Hatua ya 7: Fanya cheki-ini mtandaoni, mapema

Kwa mashirika ya kawaida unaweza kufika uwanjani ukakabidhi pasipoti na kupewa kila kitu. Huku, ukifika bila kufanya cheki-ini, yaani kujiandikisha kwa safari, mtandaoni, kuna mashirika yatakutoza. Ryanair wanatoza euro 55 kwa mtu mmoja kwenye viwanja vingi. Kwa familia ya watu wanne hiyo ni euro 220 kwa kutobonyeza kitufe.

Ukiwa hukununua kiti, Ryanair wanafungua cheki-ini saa 24 kabla ya kuondoka na kufunga saa mbili kabla. easyJet wanafungua siku 30 kabla. Weka alamu kwenye simu. Na usisahau safari ya kurudi: kama unakaa siku mbili tu hotelini, utaifanyia huko huko, kwa hiyo hakikisha una intaneti.

Utaulizwa namba ya pasipoti, tarehe ya kuisha na uraia. Jaza yako halisi. Kuna wanaochagua uraia wa nchi wanayoishi kwa kudhani kibali cha ukaazi ni uraia. Mfumo unakubali, dawati linakataa.

Tangu Novemba 2025 Ryanair hawatumii tena bodingi pasi (hati ya kupandia ndege) ya karatasi. Ni ya kwenye programu ya simu. Kwa mashirika mengine karatasi bado inafanya kazi, na kwa mzee asiyeshinda kwenye simu mimi hupendelea karatasi.

Hatua ya 8: Siku ya safari, dawati la hati kwanza

Fika saa mbili kabla kwa safari za ndani ya Schengen, saa tatu kama unavuka mpaka wake, mfano Paris hadi London. Foleni za alama za vidole zimeongeza muda.

Usikimbilie ukaguzi wa usalama. Mwenye pasipoti isiyo ya Ulaya kwa mashirika kadhaa, Ryanair wakiwemo, anatakiwa kupita kwanza kwenye kaunta ya shirika ili viza au kibali chake kikaguliwe. Bodingi pasi au programu itakuonyesha maneno "Visa Check" au mfano wake. Usipopita hapo, getini unaweza kurudishwa huko nyuma, na geti la Ryanair hufungwa dakika 20 kabla ya kuondoka, la easyJet dakika 30. Hatua hii inawahusu hata wenye kibali cha ukaazi cha miaka kumi. Inakera kuona wenzako wanapita moja kwa moja. Pita, upate alama yako, uendelee.

Beba na uthibitisho wa malazi na tiketi ya kurudi kwenye simu. Kuingia Schengen mlangoni na kusafiri ndani yake ni mambo mawili tofauti, lakini polisi wanaweza kukagua hati hata kwa ndege ya ndani, na Ulaya ya miaka hii wanakagua.

Mambo yakienda kombo

*Ndege imechelewa.* Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inakulinda, na haiulizi pasipoti yako ni ya wapi wala tiketi ilikuwa bei gani. Kwa safari isiyozidi kilomita 1,500, ikichelewa kuondoka saa mbili unastahili chakula na kinywaji; ikisogezwa hadi kesho, hoteli na usafiri wa kwenda huko. Wasipokupa, nunua kwa kiasi na utunze risiti. Ukifika mwisho wa safari umechelewa saa tatu au zaidi kwa kosa lililo ndani ya uwezo wa shirika, fidia ni euro 250 hadi kilomita 1,500, na euro 400 kwa safari ndefu zaidi ndani ya umoja. Dhoruba au mgomo wa waongoza ndege hauhesabiwi kuwa kosa lao, ila chakula na hoteli bado ni haki yako. Uingereza ina kanuni yake inayofanana, pauni 220 kwa safari fupi. Dai mwenyewe kwenye fomu ya tovuti ya shirika, ni bure. Kampuni za kukudaia hukata sehemu nono.

*Ndege imefutwa.* Chaguo ni lako, si lao: pesa zako zirudi ndani ya siku saba, au wakupeleke kwa njia nyingine. Wakikutumia vocha, huna ulazima wa kuikubali. Usibonyeze "rudisha pesa" ukiwa umekwama na unahitaji kufika, maana ukishabonyeza jukumu lao la kukufikisha linaisha.

*Jina limekosewa na safari ni kesho.* Wasiliana na shirika kwa ujumbe wa papo kwa papo kabla ya kufanya cheki-ini. Ukishafanya cheki-ini, kurekebisha kunakuwa kugumu zaidi.

*Simu imezima chaji.* Kama cheki-ini ilishafanyika mtandaoni, nenda kaunta ya shirika. Ryanair hukuchapishia bure. Kama haikufanyika, ni ile euro 55.

*Kadi inakataliwa.* Mara nyingi ni benki yako imezuia malipo ya nje, au ujumbe wa namba ya siri umetumwa kwenye laini uliyoiacha nyumbani. Washa huduma ya kupokea ujumbe ukiwa nje kabla ya kusafiri. Ukijaribu tena, kagua kwanza kama malipo ya kwanza hayakupita, usije ukawa na tiketi mbili.

*Sanduku halikutokea kwenye mkanda.* Usitoke ukumbini. Nenda dawati la mizigo iliyopotea ujaziwe ripoti yenye namba, ndiyo itakayodaiwa kwenye kila mawasiliano. Sanduku lililoharibika unaandika malalamiko ndani ya siku saba. Lililochelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipolipata.

*Umekosa ndege kwa kuchelewa mwenyewe.* Usiondoke kwa hasira. Mashirika kadhaa yana ada ya kukuhamishia ndege inayofuata ukifika kaunta ndani ya muda mfupi, easyJet ni miongoni mwao, na ada hiyo mara nyingi ni ndogo kuliko tiketi mpya. Ukiwa na tiketi ya kurudi uliyoikata pamoja na ile ya kwenda, mashirika haya kwa kawaida hayaifuti kwa sababu ulikosa ya kwanza. Hakikisha kwenye programu, kisha utafute basi la usiku.